Bolti Iliyokataa Kutoka: Mazungumzo na Mafundi wa Mbao na Vyombo vya Bahari

Mazungumzo haya yalitolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya wanagenzi, mafundi na wavuvi katika chuo cha ufundi. Tunayachapisha yalivyosemwa kwa kuwa wasikilizaji kadhaa waliomba wayapate kwa maandishi.

Mkuu wa chuo, walimu, wazee wetu mafundi, kina mama wa kikundi cha mashua, na nyinyi wanagenzi mliokaa huko nyuma mkidhani siwaoni. Itifaki imezingatiwa, na nikiendelea kutaja vyeo, gundi tuliyoikoroga jana jioni itazeeka kabla hatujaitazama.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si fundi. Nilisomea uandishi wa habari. Kazi yangu katika kaunti ni kuandika jarida mnalolipata kwa chifu na zahanati, kupiga picha, na kupokea simu za wanahabari wanaotaka majibu jana. Marehemu baba yangu alikuwa seremala, kwa hivyo harufu ya mbao naijua, lakini kila nilipoishika randa yake aliichukua mkononi mwangu kwa upole kabla sijaharibu kitu. Basi haya nitakayosema nimeyaokota kwa mafundi, kwa kuuliza na kuandika. Nikikosea, mzee pale mbele atanirekebisha. Ameshanirekebisha mara mbili tangu asubuhi.

Mkuu wa chuo alinialika nizungumze juu ya mawasiliano. Nikamwomba anipe ruhusa nizungumze juu ya bolti. Nitaeleza sababu.

Kina mama hawa mnaowaona wana mashua ya faiba. Walichukua mkopo wa chama chao, wakanunua mashua iliyotumika na injini ya nguvu za farasi 40, wakaipeleka kwenye karakana moja ifungwe. Siku ya kuishusha majini nilikuwepo na kamera. Niliandika katika jarida hili kwamba mashua imekamilika na iko tayari kwa kazi. Kuna picha niliyoipiga kutoka nyuma, inaonyesha injini imesimama kwenye ubao wa shetri, na kuzunguka kila bolti kuna duara jeupe la epoksi, limelainishwa vizuri kwa kidole. Niliipenda ile picha. Niliona usafi wa kazi.

Msimu wa kaskazi ulipoingia, bahari ikatulia na samaki wakaja, injini ikaanza kupiga kelele isiyo yake. Fundi wa injini akasema ishushwe ipelekwe mezani. Nati zikafunguka bila shida. Bolti zenyewe zikakataa. Hazikuzunguka, hazikusukumika. Ile epoksi nyeupe niliyoisifu ilikuwa imejaa tundu lote na kuyashika meno ya bolti kutoka mwanzo hadi mwisho. Wakapiga nyundo. Ubao wa shetri ukapasuka. Wakaleta grainda wakakata vichwa, na cheche zikachoma faiba. Walipofaulu kuitoa injini, plaiwudi iliyo ndani ya shetri ilikuwa wazi, na maji ya chumvi yameshaingia.

Mnajua kaskazi ina miezi yake. Kuanzia Novemba hadi Machi hivi ndipo mvuvi mwenye chombo kidogo anapoweka akiba, kwa sababu kusi ikija mawimbi yanamfungia nyumbani. Mashua ya kina mama ilikaa mchangani wiki tisa za msimu ule. Mkopo haukukaa mchangani. Mkopo ulikuwa ukiendelea kutembea.

Nilipoitazama tena picha yangu nikaona kwamba niliyoiita kazi safi ndiyo iliyokuwa kosa. Na mimi, mwenye kazi ya kuuliza maswali, sikumuuliza fundi swali moja: bolti hizi zikitakiwa kutoka, zitatokaje? Kwa hilo nimewaomba radhi kina mama nyumbani kwao, na leo naomba tena mbele yenu.

Sasa tuingie kwenye gundi.

Tusimlaumu yule fundi kupita kiasi. Kuweka epoksi kwenye tundu la bolti si ujinga. Shetri ya faiba mara nyingi ni plaiwudi iliyovikwa faiba mbele na nyuma. Ukitoboa, umeifungulia plaiwudi mlango wa maji. Maji yakiingia mbao inaoza ndani kwa ndani, nje inang'aa, mpaka siku injini inapoanza kutikisika kama jino bovu. Kwa hivyo kuziba tundu kwa epoksi ni jambo la busara, na mafundi wazuri wa vyombo hulifanya kote duniani. Kosa ni kuiacha epoksi na chuma vikutane bila kitu katikati.

Epoksi inakuja kwa mikebe miwili, gundi na kigandishi. Ukivichanganya, havikauki kama rangi inavyokauka kwa kupoteza maji au thina. Vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe na kugeuka kitu kigumu, huku vikitoa joto. Kabla ya kuganda, mchanganyiko ni majimaji, na majimaji huingia kila mahali: kwenye mikwaruzo ya chuma, kwenye meno ya bolti, kwenye vishimo vya kutu usivyoviona kwa macho. Ukiganda umo humo. Bolti ina meno mengi, na kila jino limekumbatiwa. Ndiyo maana nguvu za mkono hazifui dafu.

Lakini kuna vitu ambavyo epoksi haivipendi. Nta ni kimoja. Plastiki laini kama ile ya pakiti za maziwa ni kingine. Epoksi ikiganda juu yake unaibandua kama ganda la ndizi mbivu. Kazi yote ya kuzuia gundi isishike chuma ni kuweka moja ya vitu hivi katikati, mahali panapohitajika, na kukizuia kisifike pasipohitajika. Sehemu hiyo ya pili ndiyo ngumu. Nitairudia.

Nilizunguka nikiwauliza mafundi wanapaka nini. Majibu yalikuwa mengi kuliko mafundi. Mmoja grisi, mwingine mafuta mazito ya kujipaka ya mtoto wake, mwingine sabuni ya kipande, mwingine mshumaa, na mmoja akaniambia kwa siri kubwa kwamba anatumia nta ya kung'arishia viatu. Karibu vyote vinasaidia kwa kiasi fulani, ila havilingani.

Mafuta mepesi hayafai, kwa sababu epoksi nzito ikipita inayasukuma kando na kukifikia chuma. Grisi inashika vizuri zaidi, lakini ni laini, inachanganyika na gundi mbichi na kupakaa kwenye mbao. Nimeona kwa macho yangu kipande ambacho bolti ilitoka vizuri na gundi nayo ikatoka pamoja nayo, kwa kuwa grisi ilikuwa imeenea kote. Sabuni, na hapa najua nitagombana na wazee, hulainisha skrubu iingie kwa urahisi, lakini inavuta unyevu wa hewa. Pwani yetu hewa yenyewe ni maji nusu. Skrubu ya chuma cha kawaida iliyopakwa sabuni inapata kutu upesi. Mzee anatikisa kichwa. Tutaongea chai ikija.

Nta ndiyo niliyoona mafundi makini wakiirudia, kwa sababu ikipoa ni ngumu na inabaki ilipowekwa. Mshumaa wa dukani unatosha. Nta ya nyuki ni nzuri zaidi kwa sababu inanata kwenye chuma na haimeguki. Wafugaji wetu wa nyuki wengi wakishakamua asali nta huitupa au huiuza kwa bei ya kutupa, na mafundi wanaitafuta mjini. Waliomo humu wenye mizinga, inueni mikono mwonane na mafundi kabla hamjaondoka.

Anayetaka kuiyeyusha nta, aiweke kwenye kopo, na kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiiweke moja kwa moja juu ya jiko. Nta ya nyuki huyeyuka ikifika nyuzi 60 na kitu, haihitaji moto mkali, na ikipata moto mkali inawaka.

Kuna pia dawa za kupuliza zenye silikoni. Zinafanya kazi, lakini mimi ningeziweka mbali na karakana yoyote inayopaka rangi. Ule ukungu unasambaa hewani, unatua kwenye mbao na faiba, na rangi ikija inajitenga na kuacha vijicho. Utatafuta sababu wiki nzima.

Sasa bolti ya injini yenyewe. Nilijifunza njia mbili, na naomba wanagenzi muandike hapa, kwa maana hapa ndipo wiki tisa za kina mama zilipopotelea.

Njia ya kwanza haihitaji hata nta. Tuseme bolti yako ni ya milimita 12. Toboa tundu kubwa kuliko hilo, la milimita 18 au zaidi kidogo. Ziba upande mmoja kwa teipu ile ya kufungia maboksi. Kwanza paka epoksi nyepesi ndani ya tundu ili mbao inywe, kisha jaza epoksi iliyokorogwa na unga wake mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga. Jaza polepole, hewa itoke. Acha igande kabisa. Siku ya pili toboa katikati yake tundu la milimita 12. Umebaki na bomba la epoksi lenye ukuta wa milimita 3 kila upande, mbao imefungwa nyuma yake, maji hayana njia. Bolti inapita katikati bila kugusa gundi mbichi hata siku moja. Unaifunga kwa ile lahamu laini ya baharini chini ya washa, inayobaki kama mpira, na ukitaka kuitoa mwaka ujao unashika spana tu.

Ubaya wake ni siku mbili za kazi. Mwenye mashua amesimama nyuma yako anauliza saa ngapi. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa ile karakana, ingawa sikuwepo.

Njia ya pili ni ya pale unapotaka epoksi ichukue umbo la bolti yenyewe, meno na yote, au pale tundu likiwa limeshapotoka na unataka bolti ikae sawasawa na bati la injini. Hapo bolti inaingia gundi ikiwa mbichi, na nta haina mbadala. Isafishe bolti kwa brashi ya waya. Iweke juani mpaka iwe na uvuguvugu. Sugua mshumaa kwenye meno huku unaizungusha, nta iingie hadi mwisho wa kila jino. Futa iliyozidi kwa kitambaa, kisha rudia. Unataka nta iwe nyembamba, iwe kila mahali. Jino moja lililoachwa wazi linatosha kuishika bolti nzima. Usisahau chini ya kichwa, wala pande mbili za washa. Nati ikaushwe kando, isikae karibu. Yale meno yanayobaki nje yafunge teipu, au yavishe kipande cha mpira wa glavu iliyochakaa.

Ingiza, panguza epoksi iliyofurika, halafu ngoja. Hapa kuna wakati wake. Epoksi ikiwa bado inabonyea kwa ukucha ni mapema, utaharibu umbo. Ikishakuwa ngumu lakini hujafika siku ya tatu, shika spana uizungushe robo, usikie inaachia. Irudishe. Kesho yake itoe kabisa, isafishe, iendelee na maisha yake. Fundi aliyenionyesha alisema ile sauti ya kuachia ndiyo mshahara wake wa siku.

Joto letu lina maana katika hesabu hii. Maelekezo mengi kwenye mikebe yameandikwa kwa hali ya hewa ya baridi. Saa nane mchana hapa, mchanganyiko unaweza kuganda kwa nusu ya muda ulioandikwa, na ukiuacha mwingi ndani ya kopo refu utaanza kutoa moshi mkononi mwako. Koroga kidogo kidogo, umwage kwenye chombo kipana.

Nimesema nitarudia jambo la nta isifike pasipohitajika. Nta haichagui. Inazuia gundi kushika chuma, na vilevile inazuia gundi kushika mbao. Fundi anayepaka nta bolti juu ya meza ileile anayoandalia mbao anajitegea mtego. Paka kwanza bolti zote, mbali na meza, nawa mikono kwa sabuni, badilisha glavu, ndipo ushike mbao. Na ikitokea nta imegusa mbao, usikimbilie msasa. Msasa unaisaga nta na kuipeleka ndani zaidi. Futa kwanza kwa kitambaa safi chenye thina, kwa upande mmoja, tupa kitambaa, chukua kingine, ufute tena. Msasa baadaye.

Kwa upande wa skrubu, mafundi wa mbao wana desturi ya kuzitumia kama mikono ya kubana tu, gundi ishike, halafu zitoke. Hizo pia zipakwe nta. Chini ya kichwa weka kipande cha plaiwudi kilichofungwa teipu, kisishikwe na gundi inayofoka. Zikishatoka, lile tundu limebaki na nta ndani. Ukimwaga epoksi humo haitashika. Pitisha keekee ya namba moja juu zaidi, ukwangue ile nta itoke na unga, ndipo uzibe.

Na kuna skrubu ambazo hazitatoka kamwe, za mataruma kwa mfano. Hizo usizipake chochote. Acha gundi izishike, izifunge maji yasipite. Kwa hivyo kabla ya kufungua kopo lolote, fundi ajiulize kila chuma kilichopo mbele yake: huyu ni mgeni au mwenyeji? Mgeni apakwe nta. Swali hilo ndilo lililokosekana siku ya mashua.

Wazee wa vyombo walilijua swali hili kabla ya epoksi kuja. Msumari wa jahazi uliviringishiwa pamba yenye mafuta chini ya kichwa ili uzibe maji, na fundi wa kukarabati alijua namna ya kuutafuta na kuung'oa. Mtepe wa visiwa vya Lamu haukuwa na msumari kabisa. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na kamba zikichakaa zinafunguliwa na kushonwa upya. Chombo kilijengwa kwa kutarajia kwamba kitafunguliwa. Hilo mimi hunigusa kila nikilifikiria, na sijui kwa nini, labda kwa sababu ofisini tunajenga mambo mengi bila kutarajia kuyafungua.

Kwa maseremala wa madawati nitapita haraka. Gundi nyeupe ya mbao haishiki chuma kwa nguvu kama epoksi, lakini ina balaa lake. Ina maji ndani, na chuma cha klampu kikikaa juu ya gundi mbichi kwenye mbao kama mkaratusi, kinaacha doa jeusi linalozama. Dawa ni kuweka kitu katikati. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mafundi wengi wameniambia wamekosa ile nailoni ya bure. Oshani pakiti za maziwa, mzipasue, mzikaushe. Epoksi haizishiki, gundi nyeupe haizishiki, na pakiti moja inatumika mara nyingi kabla haijachoka. Mama mmoja hapa mwenye kibanda cha chai ameahidi kuwawekea. Mkubaliane bei, asije akanidai mimi.

Swali nililoulizwa sana nilipokuwa nakusanya haya: je, ikiwa imeshashika? Bolti imo ndani, hakuna nta, na injini lazima itoke.

Weka nyundo chini. Epoksi ina udhaifu mmoja, nao ni joto. Nyingi ya hizi za kawaida zinazoganda bila kupashwa moto huanza kulegea zikipita nyuzi 50 au 60. Haziyeyuki, zinakuwa kama mpira mgumu, na hapo bolti inaweza kuzunguka. Kwa skrubu ndogo, chukua kile chuma cha umeme wanachotumia mafundi wa redio kuyeyushia risasi. Kiweke juu ya kichwa cha skrubu, ngoja dakika moja au mbili joto lishuke hadi kwenye meno, kisha zungusha ikiwa bado moto. Isipotoka, pasha tena. Ikipoa inashika upya.

Bolti ya milimita 12 inahitaji joto zaidi kuliko hilo. Fundi mmoja alinionyesha akipasha kipande kizito cha chuma kwenye jiko la makaa, mbali na chombo, kisha akakishikilia kwa koleo juu ya kichwa cha bolti, akabadilisha na kingine, mara nne au tano, huku mwenzake akijaribu spana polepole. Ilitoka. Ilichukua saa nzima na soda mbili.

Lakini jamani, hii ni mashua ya petroli. Tangi na mipira ya mafuta vitoke kwanza, vipelekwe mbali, na mashua ipate hewa. Usielekeze moto wa gesi kwenye shetri. Faiba inawaka, na epoksi ikiungua moshi wake ni sumu. Ukinusa inaungua, umepitiliza, ondoa joto. Fanya kazi upepo ukikupuliza mgongoni.

Kuhusu ngozi, sitaki kumwogopesha mtu, ila niliwaona mafundi wawili ambao hawawezi tena kugusa epoksi. Mikono inavimba, inapasuka, inawasha usiku. Haikuwapata siku ya kwanza. Waliigusa mbichi kila siku kwa muda mrefu mpaka mwili ukaikataa, na ukishaikataa haurudi nyuma. Vaeni glavu. Ikikudondokea, ifute kwa kitambaa na uoshe kwa maji na sabuni. Usinawe kwa thina, kwa kuwa thina inaisaidia kuingia ndani ya ngozi. Na vumbi la kupiga msasa epoksi ambayo haijakomaa lina hatari ileile, kwa hivyo funika pua.

Watu wameniuliza kaunti inaingiaje katika mambo ya nta na bolti. Inaingia kwa mlango wa kisheria kabisa. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Kinachofundishwa hapa ni jukumu letu, na kisichofundishwa pia. Nilimuuliza mwalimu wa useremala kama somo hili limo katika ratiba. Alinijibu kwa uaminifu kwamba wanafundisha gundi, na wanafundisha bolti, ila siku tofauti. Amesema atazileta siku moja.

Na wewe ambaye si fundi, unayepokea mashua, dawati, mlango au boti ya utalii kutoka karakana, usione haya kuuliza. Muulize fundi akuonyeshe ni kipi kinachofunguka. Mwambie afungue bolti moja mbele yako kabla hujalipa salio. Fundi aliyefanya kazi vizuri hatakasirika. Atafungua huku anatabasamu.

Mashua ya kina mama imekatwa shetri ya zamani, na imewekewa plaiwudi mpya. Matundu yalijazwa epoksi na kutobolewa tena kwa njia ile ya kwanza, hapahapa chuoni, na wanagenzi watano walioko safu ya tatu ndio walioyafanya. Injini itafungwa Jumatatu. Mkopo bado una miezi saba.

Nimemaliza ya mdomo. Pale nje chini ya mwembe kuna gogo. Jana saa kumi na moja jioni tulipanda bolti tatu ndani yake, zote kwa epoksi ya kopo moja. Ya kushoto ina nta ya nyuki, ya katikati ina grisi, ya kulia haina kitu. Hakuna aliyezigusa tangu hapo, mlinzi ni shahidi. Mzee amesema ile ya grisi haitatoka na mwalimu amesema itatoka, na nasikia kuna watu wameshawekeana soda. Mzee, spana unayo? Haya, twendeni.